Kisa cha kipa Bruno na timu ndogo zinazofungua mlango wa uani

Hii kesi ya Bruno, kipa wa Flamengo ya Brazil aliyehukumiwa kwa mauaji kisha akarudi kudaka, inabishaniwa sana huku Kigoma lakini wengi wanaijua nusu, mmoja anakwambia alisingiziwa, mwingine anasema alishamaliza kifungo zamani watu wamuache acheze, mwingine anaichanganya na kesi za wachezaji wengine kabisa. Mi nafundisha watoto mpira jioni huku Mwanga, na nimeamua kuiandika kuanzia mwanzo kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo siku moja litapiga hodi hapa hapa mwisho wa reli, na likipiga hodi tusianze kuulizana la kufanya mtu akiwa ameshavaa jezi.

Bruno Fernandes, sio yule wa Manchester United, alikuwa kipa na kepteni wa Flamengo. Kwa asiyefuatilia mpira wa Brazil, Flamengo ndo timu yenye mashabiki wengi kuliko zote kule, na mwaka 2009 ilibeba ubingwa wa nchi ambao ilikuwa haijaugusa tangu 1992. Sasa mfikirie kipa wa Simba au Yanga, ndo kepteni, kijana wa miaka 24, ametoka kunyanyua kombe, watu wameshaanza kumtaja kwa timu ya taifa. Huyo ndo alikuwa Bruno mwisho wa 2009.

Mwaka huo huo alikuwa na uhusiano na dada mmoja anaitwa Eliza Samudio, Eliza akapata ujauzito, na Bruno hakuutaka. Oktoba 2009 Eliza alienda polisi Rio akaeleza kwamba Bruno na wenzake wamemteka, wamempiga na kumlazimisha kunywa vitu vya kutoa mimba. Hapa naomba msomaji asipite haraka. Huyu dada alienda mwenyewe, mjamzito, akataja jina ambalo nusu ya nchi inaliimba uwanjani, akaomba ulinzi, na ulinzi hakupewa. Akarudi nyumbani. Bruno akaendelea kudaka. Desemba wakachukua ubingwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema huyu jamaa alikuwa na maisha mazuri yakaharibika ghafla usiku mmoja, mwambie hapana, kulikuwa na miezi kibao ambayo taa nyekundu ilikuwa inawaka na kila mtu alikuwa anaangalia msimamo wa ligi.

Mtoto wa kiume alizaliwa Februari 2010. Eliza akawa anadai mtoto atambuliwe na apewe matunzo. Juni 2010 akapotea. Ilikuja kuthibitika mahakamani kwamba alipelekwa kwenye nyumba ya shambani ya Bruno huko Esmeraldas, jimbo la Minas Gerais, akashikiliwa kule na kichanga chake, halafu akapelekwa kwa mtu aliyewahi kuwa polisi, akauawa. Alikuwa na miaka 25. Mwili wake haujapatikana mpaka leo. Mtoto alikutwa hai, miezi minne, kaachwa kwa watu. Na siri ilifumuka kwa sababu ndugu wa Bruno mwenyewe, kijana wa miaka 17, alizungumza.

Alipokamatwa Julai 2010, moja ya mambo aliyoyalalamikia ni kwamba kama alikuwa na matumaini ya kucheza Kombe la Dunia la 2014 basi yamekwisha. Dada wa watu hajulikani alipo, kichanga hakina mama, na yeye anawaza Kombe la Dunia. Mi hilo ndo lililonifanya nianze kuifuatilia hii kesi kwa undani, kwa sababu baadaye utaona ndoto yake inarudi tena na tena katika maneno yake huku ya Eliza haitajwi.

Machi 2013 baraza la mahakama huko Contagem lilimkuta na hatia, akahukumiwa miaka 22 na miezi 3 kwa mauaji, utekaji na kuficha mwili. Kwenye kesi alikiri kwamba alijua Eliza ameuawa, akasema hakuagiza ila alikubali. Hilo nalitaja kwa ajili ya wale wa "alisingiziwa". Rafiki yake wa karibu alishahukumiwa Novemba 2012, na yule aliyewahi kuwa polisi akahukumiwa naye 2013.

Sasa tuje kwenye mpira, maana ndo kiini.

Februari 2017 jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho aliamuru Bruno atoke asubiri rufaa yake akiwa nje, kwa hoja kwamba rufaa imecheleweshwa mno. Alikuwa amekaa ndani miaka 6 na miezi 7. Shika hiyo namba vizuri: miaka 6 na miezi 7 kati ya 22 na miezi 3. Hakusamehewa, hakuonekana hana hatia, hakumaliza kifungo, alitoka kwa sababu faili limechelewa. Na wiki chache tu baadaye, Machi, klabu ya Boa Esporte ya mji wa Varginha ikatangaza imemsajili kwa mkataba wa miaka miwili.

Boa Esporte ni nani? Ni timu ya mji wa kahawa huko huko Minas Gerais, sio timu kubwa, ila ilikuwa kwenye mwaka wake mzuri, imechukua ubingwa wa daraja la tatu la Brazil mwaka 2016 na imepanda daraja la pili. Yaani timu ya mkoani iliyopanda, ina njaa ya kujulikana. Wana Kigoma mnaijua hiyo hali, Mashujaa walipopanda ligi kuu 2023 mji mzima ulitembea kifua mbele, na timu ikiwa kwenye hali ile kila anayekuja na jina anaonekana ni neema. Wazungumzaji wa Boa wakajitetea kwamba hawajavunja sheria yoyote, mtu ameachiwa na mahakama, wao wanampa binadamu mwenzao nafasi ya kufanya kazi.

Na Bruno mwenyewe akawaambia waandishi kwamba alikosea, kosa kubwa, lakini makosa hutokea maishani, yeye si mtu mbaya, watu walitaka kuizika ndoto yake kwa sababu ya kosa moja, na ameshamwomba Mungu msamaha. Nimeisoma kauli hii mara nyingi. Mungu yumo, ndoto imo, watu waliomchukia wamo. Mama yake Eliza, ambaye ndiye anamlea yule mtoto na ambaye miaka yote anaomba jambo moja tu, aambiwe mifupa ya mwanaye iko wapi, hayumo. Tena anasema "kuizika" huyu, wakati kuna mama hana kaburi la kwenda kupalilia.

Wadhamini wakaanza kuondoka mmoja baada ya mwingine, hadi kampuni iliyokuwa inawapa jezi ikajitoa. Wanawake wakaandamana. Klabu ikakaza shingo. Aprili Bruno akaanza kudaka, akacheza mechi tano, na uwanjani kulikuwa na watu wanampigia makofi na kuomba kupiga naye picha. Tarehe 25 Aprili 2017 majaji wa ile mahakama wakapiga kura, watatu kwa mmoja, arudi ndani. Akarudi.

Kama stori ingeishia hapo ingekuwa nyepesi, tungesema klabu ilikosea hesabu. Ila endelea. Ilikuwa si mara ya kwanza hata hiyo, kwa sababu mwaka 2014 akiwa bado gerezani timu ya Montes Claros, mji mwingine wa kaskazini mwa jimbo hilo, ilishamsainisha mkataba wa miaka mitano ila hakuruhusiwa kutoka kwenda kucheza. Julai 2019 akahamishiwa kwenye kifungo nafuu, kile cha kufanya kazi nje chini ya masharti, na mwaka huo akaibukia Poços de Caldas. Januari 2020 timu ya Várzea Grande huko Mato Grosso ikataka kumchukua, watu wakapiga kelele, ikaachana naye. Katikati ya 2020 akaenda Rio Branco, mji mkuu wa jimbo la Acre, mwisho kabisa wa Brazil upande wa magharibi, jimbo linalopakana na Peru na Bolivia. Januari 2023 akapewa uhuru wa masharti.

Angalia ile orodha ya miji. Hakuna São Paulo. Hakuna Rio. Flamengo hawakuwahi kumrudisha, wala klabu yoyote kubwa haikuthubutu, kwa sababu klabu kubwa ina wadhamini wa kupoteza. Kila mara anapokelewa na mji wa pembeni wenye timu isiyo na hela, timu ambayo jina lake likitajwa nchi nzima hata kwa ubaya kuna kiongozi anaona ni faida. Huo ndo mlango wa uani wa mpira. Watu wanajadili kana kwamba jambo hili linaamuliwa na FIFA au na vigogo fulani, wakati wanaoamua ni viongozi wa timu ndogo za miji kama yetu, watu watano kwenye ofisi yenye feni moja mbovu. Na hao watano wakikosa msimamo, mji mzima unageuzwa sehemu ya kumsafishia mtu jina.

Kule Acre kuna jambo lingine limeniuma kuliko yote. Timu ya Rio Branco ilikuwa na timu ya wanawake, na kocha wake alikuwa mwanamke. Bruno aliposajiliwa, yule kocha akajiuzulu. Mdhamini mmoja naye akaondoka. Sasa fikiria hiyo hesabu, kwenye klabu moja mwanaume aliyehukumiwa kwa kuua mwanamke anapata kazi, na mwanamke asiye na kosa lolote, aliyekuwa anafundisha mabinti mpira kwenye jimbo ambalo hata wanaume wanapata shida ya timu, anaacha kazi. Halafu mtu anakuja na hoja ya "haki ya kufanya kazi". Ya nani? Mbona kazi ya yule kocha haikuhesabiwa?

Huwa naibishania hii na mzee mmoja jirani, askari magereza mstaafu, sisi tunamwita Afande, anakuja kuangalia mazoezi na kiti chake cha plastiki. Yeye yuko upande wa kurudi, na ana sababu nzito kuliko vijana wa kijiweni. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, mimi nimefungua mageti maisha yangu yote. Anayetoka na kitu cha kufanya harudi. Anayetoka akakuta kila mtu kampa mgongo, namsubiri." Na anasema ndani kule mpira ndo unawashika watu wengi wasipasuke, ligi za wafungwa zina nidhamu kuliko ndondo zetu za mtaani. Namuamini. Hata sheria ya Brazil ya mwaka 1984 ya utekelezaji wa adhabu imejengwa hivyo hivyo, kwamba mfungwa afanye kazi ili arudi kuwa mtu kati ya watu. Mi siipingi. Mtu akimaliza adhabu ale kwa jasho lake, ajenge, aoe, aswali au asali, asimamie watoto wake.

Lakini mpira wa kulipwa sio kazi tu. Fundi seremala akitoka jela akirudi kwenye randa yake hakuna anayevaa tisheti yenye jina lake mgongoni. Hakuna mtoto anayelala na picha yake ukutani. Aprili 2024 Mashujaa walipoitoa Simba kwa penalti pale Lake Tanganyika, kesho yake mazoezini kwangu hakuna mtoto aliyetaka kuwa straika. Wote golini. Kulikuwa na foleni ya kudaka, wengine wamevaa soksi mikononi kama glovu, na mmoja kaleta glovu za baba yake za kubebea mizigo bandarini, zimejaa grisi, hataki kuzivua hata anywe maji. Na huu mji umemtoa Juma Kaseja, kwa hiyo kuna wababa hapa walikua na ndoto hiyo hiyo kabla ya watoto wao. Nguvu ya kipa aliyeokoa penalti kwenye kichwa cha mtoto wa miaka tisa, mshahara hauielezi. Hiyo ndo sehemu ambayo Boa Esporte walimpa Bruno na wakaiita kazi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ana haki ya kufanya kazi nasema ndiyo. Nikiulizwa kama ana haki ya kushangiliwa, nasema hiyo haikuwahi kuwa haki ya mtu yeyote, tunaitoa sisi na tunaweza kukataa kuitoa.

Afande akanibana kwa mfano wa hapa hapa. Kuna kijana alifungwa kwa kuiba injini ya boti ziwani, akatoka, sasa anacheza ndondo na hakuna anayeona tatizo, akaniuliza mbona huyo hamkumpigia kelele. Ni kweli hatukupiga. Ila Afande alisahau kitu ambacho mi nilikiona. Yule kijana alipotaka kurudi timuni, mwenye ile injini, mvuvi wa Katonga, alikuwepo pembeni ya uwanja na wazee wakamwendea kwanza kabla ya kumgawia mtu jezi. Akasema mwacheni acheze, ila aje hapa aniangalie usoni. Kijana akaenda, akainama, wakaongea chini chini muda mrefu, mechi ikachelewa kuanza na hakuna aliyelalamika. Yaani sisi wenyewe bila kanuni ya maandishi tulijua njia ya kurudi inapita kwa nani. Inapita kwa aliyeumizwa. Na hiyo ilikuwa injini ya boti, kitu kinachonunulika, sasa iweje kwa roho ya mtu tuseme njia inapita kwa mwenyekiti wa klabu na karatasi ya mahakama?

Na hapo ndo kesi ya Bruno inaanguka kwangu kabisa, hata ukiacha suala la miaka. Kuna jambo moja ambalo familia ya Eliza imeliomba na halijawahi kutimizwa, ukweli kuhusu mwili. Watu waliokuwepo wanajua. Kwa mtu anayesema amebadilika na ameomba msamaha kwa Mungu, huu ndo mlango wa kwanza wa kupita, unaenda kwa yule mama unasema kila unachokijua, hata kama kinakuongezea aibu. Mpaka hilo halijafanyika mi siwezi kusikia habari ya nafasi ya pili, kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza ya kusema kweli bado ameikalia.

Kuna mtu atasema sheria za mpira hazijakataza. Ni kweli, na hilo ndo linatia hasira. Michezo inajua sana kuadhibu inapotaka. Suárez alipomng'ata Chiellini kwenye Kombe la Dunia 2014 FIFA ilimfungia miezi minne asiguse mpira na mechi tisa za timu ya taifa. Mike Tyson alikutwa na hatia ya ubakaji Februari 1992 huko Indianapolis, akatoka Machi 1995, na Agosti mwaka huo huo yuko ulingoni Las Vegas analipwa mamilioni, tena huku Ujiji kuna wazee bado wanakumbuka walivyofurahi. Alipomng'ata sikio Holyfield Juni 1997 ndo tume ya Nevada ikamnyang'anya leseni na kumpiga faini ya dola milioni 3. Sikio la bondia lilipata ulinzi kwenye kanuni za mchezo, yule binti wa miaka 18 hakupata. Kanuni zinalinda mchezo na walio ndani ya mchezo, aliye nje hazimuoni, basi.

Tusijifanye hii ni ya Wabrazil na Wamarekani. Kwetu mtu akikutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kunyongwa, kwa hiyo kesi kama ya Bruno haitatufikia kwa sura ile ile. Itatufikia kwa sura ya kuua bila kukusudia, au ubakaji, au msamaha wa Rais. Na sura hiyo ya msamaha tumeshaiona, kwa wanamuziki. Desemba 9, 2017, Rais Magufuli aliwasamehe Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliofungwa maisha mwaka 2004 kwa kosa la kuwabaka watoto wa shule ya msingi. Nchi ilishangilia. Na sina ubishi na wanaoamini hawakutenda, wapo wengi, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha mwaka 2018 ilisema haki zao za kujitetea zilivunjwa kwenye ile kesi, hilo ni jambo zito na halipaswi kufichwa. Ninachokikumbuka mimi ni kitu kingine. Wiki ile yote, kwenye daladala, kwenye redio, kwenye vibanda vya kahawa, sikusikia mtu hata mmoja anauliza wale mabinti wako wapi sasa, wamekuwa wakubwa, wanaishi vipi, wanasikia hizi nyimbo wakiwa wapi. Kama kweli hawakutendewa na wale wawili basi kuna jambo jingine liliwapata au walitumiwa na watu wazima kwenye kesi, na kama walitendewa ndo usiseme. Upande wowote ule, walikuwa watoto na tuliwasahau. Makofi yetu yanaenda haraka sana kwa mtu wa jukwaani.

Na kwenye kisa cha Bruno mtoto hakusahaulika tu, alikua. Yule kichanga aliyekutwa kwa watu mwaka 2010 sasa ni kijana, amelelewa na bibi yake mzaa mama, na ni kipa, anadaka kwenye timu za vijana. Sitaandika jina lake hapa, ni mtoto bado. Ila kila baba yake aliposajiliwa na kaklabu kapya, kamera zilienda kwa nani? Kwa bibi na mjukuu, waulizwe wanajisikiaje. Kila usajili ulikuwa unaifufua kesi sebuleni kwao. Viongozi wa zile klabu hawakuwahi kuiweka hiyo kwenye gharama za usajili.

Basi msimamo wangu ni huu, na nimeupeleka kwenye kikao chetu cha ligi ya watoto na vijana ya mtaa. Kwanza mtu amalize adhabu yote, sio atoke kwa faili kuchelewa. Pili, kwa makosa ya kuua, kubaka na kuteka, timu iende kwa aliyeumizwa au familia yake kabla ya kumtangaza, iende kimya kimya na watu wazima wenye heshima, sio na simu ya kurekodi. Tatu, hata akirudi asipewe ukepteni, asiwekwe kwenye bango, na asipewe kikosi cha watoto au mabinti kabisa. Na mabinti wa timu waulizwe wenyewe, kwa sababu sitaki siku moja tumpoteze kocha mwanamke hapa Kigoma kama walivyompoteza kule Acre.

Tulibishana hadi adhana ya magharibi. La kwanza lilipita haraka. La tatu wengi walikubali, kocha mmoja wa Gungu tu ndo alinung'unika kuhusu bango. Tulikwama kwenye la pili. Afande akauliza familia ikikataa milele je, mtu amekaa ndani miaka 15 ameimaliza yote, ametubu kweli, anaenda anakataliwa, mwaka ujao anaenda anakataliwa, si mnakuwa mmempa familia fimbo ya kumchapa mpaka kufa kwake? Nikamjibu Afande, kwa heshima yako, hapo mtu ale kwa kazi nyingine, ziwa lipo, mashamba yapo, gereji zipo, ulimwengu haujaisha kwa kukosa jezi. Akasema hilo ni rahisi kulisema kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kipaji kimoja tu.

Mama mmoja ambaye binti yake anadaka kwenye timu yangu ya chini ya miaka 13 alikuwa amekaa kimya muda wote kwenye ukingo wa benchi. Akasema, "Kaka zangu mnaongelea fimbo. Sisi wenye mabinti tunaongelea mlango wa nyumba, nani anaingia." Afande hakumjibu, ila hakukubali pia, aliniambia baadaye tukiwa tunakunja nyavu kwamba bado anaona familia iulizwe lakini isiwe na neno la mwisho, neno la mwisho liwe la kikao. Mi nataka liwe la familia. Kipengele kimebaki wazi kwenye daftari la katibu, tutakipigia kura kabla dirisha la usajili wa ligi ya mtaa halijafunguliwa, na nimeomba safari hii waitwe na wazazi wa mabinti wote.